Madaktari Wote Wako Sake

Dokta Falone alikuwa amechoka kuitwa shujaa. Kila mgeni aliyepanda na gari kutoka Goma alimwita hivyo, akampiga picha mbele ya kituo chake cha afya huko Masisi, juu ya mji mdogo wa Bihambwe, kisha akateremka mbio kabla mvua haijaharibu barabara. Ushujaa ni jambo zuri, lakini hakuna mgeni hata mmoja aliyeomba abaki wagawane.

Kwao ni Walikale, msituni, ambako baba yake, Papa Gustave, alitega na kuwinda mpaka binti akamaliza udaktari. Alisoma Goma miaka saba, na kwa kumpongeza wakubwa wakampeleka Masisi: kilima juu ya kilima, ng'ombe upande huu, viazi upande ule, na daktari mmoja kwa wote, ng'ombe wakiwemo, maana wenye ng'ombe nao hawakuona aibu kuuliza. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Akina mama wa vilima vile walisema Docta Falone anapasua, anatoa mtoto na kushona, na anayeombea mgonjwa bado hajafika kwenye amina.

Kwa miaka mitatu alitaka kitu kimoja tu: kurudi Goma kusomea uzazi. Nafasi ilikuwa moja kwa mwaka, na aliyeipata kila mara ni yule aliyekuwa na barua ya Profesa Benoît. Profesa huyo alikuwa bingwa wa tiba ya vijijini. Aliandika mengi kuhusu vijiji, akavitetea mpaka ng'ambo, na kwa jinsi alivyoviheshimu hakuwahi kulala katika hata kimoja. Alimwambia Falone kwamba barua yake humwendea kijana mwenye moyo wa kijiji, na kwamba moyo wa namna hiyo huonekana vizuri zaidi kwenye mkutano.

Basi ikawa hivyo. Ili aondoke kijijini, Falone alipaswa kuandaa mkutano wa kuwashawishi wenzake wabaki kijijini. Wala hakuona ajabu. Mwenye shida kubwa hachagui mlango wa kuingilia.

Alimchukua Dokta Prince, mwenzake wa shule aliyekuwa akifanya kazi Walikale, mtu mwema ambaye hawezi kukueleza njia ya kwenda chooni bila kukuonyesha picha ukutani. Kulitafutia jina jambo lao kuliwachukua wiki tatu: Mkutano wa Kwanza wa Madaktari Vijana wa Masisi na Walikale kuhusu Tiba ya Vijijini na Upungufu wa Madaktari. Fundi wa kuandika vitambaa aliishiwa nafasi akaishia kwenye "Upungufu", akasema wenye akili wataelewa. Mahali wakachagua Sake, njia panda, kwa sababu Walikale ni mbali mno kwa Profesa, na Goma ingeleta aibu.

Kulikuwa na kero moja ambayo Falone aliapa kuikomesha. Katika mikutano ya huku, daktari akialikwa humtuma muuguzi wake akale kwa niaba yake, yeye akabaki kazini. Kwa hiyo katika barua za mwaliko Falone alipiga mstari mwekundu chini ya maneno haya: kila daktari aje mwenyewe, mwakilishi hatapokelewa. Na madaktari wa Masisi na Walikale, watu ambao hawajawahi kutii barua tangu wazaliwe, safari hii walitii. Walikuja kumi na wawili, wengine wakiwa wamekaa siku mbili juu ya pikipiki, wamepakwa matope mpaka kwenye nyusi. Hakubaki hata mmoja nyuma. Falone aliwahesabu mlangoni kwa furaha ya mama anayemwoza bintiye.

Kila mmoja alikuwa amebandika karatasi kwenye mlango wa kituo chake. Ile ya Falone iliandikwa kwa mwandiko mzuri: "Daktari yuko Sake, kwenye mkutano kuhusu upungufu wa madaktari vijijini. Atarudi Jumamosi." Kabla ya kuibandika aliisoma mara mbili akitafuta makosa. Hakuyaona.

Mkutano ulifunguliwa Alhamisi katika ukumbi wa parokia. Simu zilikusanywa kwenye kikapu mlangoni, zimezimwa, amri ya Falone, ili Profesa asikatizwe na milio. Jenereta ya kumulika picha za Prince iliazimwa kutoka chumba cha upasuaji cha kituo kilicho ng'ambo ya uwanja, kwa hoja kwamba madaktari wakiwa mkutanini, nani atapasua? Profesa alizungumza saa nzima na nusu juu ya kijiji kama chimbuko la utu. Watu wakapiga makofi, wakala viazi na jibini ya Masisi, wakarudi wamelegea.

Saa nane na kitu, Prince alikuwa ukutani na picha yake ya vikwazo. Alieleza kwamba mama wa kijijini hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: familia huchelewa kuamua, njia huchelewa kumfikisha, na akishafika huchelewa kuhudumiwa. Hapo nje kukasikika vishindo vya miguu mingi. Falone alidhani ni wapishi.

Ilikuwa tipoyi. Asiyeijua, ni machela ya mianzi inayobebwa mabegani na wanaume wanne, na wengine wakifuata nyuma kupokezana. Kila kilima kina chama chake cha tipoyi, na mgonjwa akizidiwa kila nyumba hutoa mtu mmoja. Walipita katikati ya viti, wakaitua mbele ya ukuta, na picha ya Prince ikawaangukia mabegani pamoja na maandishi yake.

Aliyetangulia alikuwa Papa Védaste, mkubwa wa chama cha kilima kilicho juu ya kituo cha Falone, mzee mkavu ambaye wake zake wawili Falone alikuwa amewazalisha. Alimsalimia kwa heshima zote. Kisha akaangaza macho ukumbini, kiti baada ya kiti, koti jeupe baada ya koti jeupe.

"Kumbe muko wote hapa," akasema.

Habari yenyewe aliitoa kwa maneno machache. Walikuwa wamembeba Nyirabagenzi, mimba yake ya tatu, uchungu ulimshika usiku na kilichotangulia kutoka ni mkono wa mtoto. Waliondoka kilimani jogoo wa kwanza hajawika. Saa moja asubuhi walikuwa mlangoni pa Falone, wakaikuta karatasi. Muuguzi alimtundikia mama chupa ya maji, akampigia Falone simu mpaka akachoka, akapiga kituo cha pili na cha tatu na cha nne, na kote wauguzi wenzake walimjibu kitu kimoja: daktari yuko Sake. Basi wakainua tena mianzi. Wenye pikipiki waliogopa kupakia mama wa namna ile, lori lililokuwa barabarani lilikuwa limezama topeni, na vijana wa kizuizi cha barabarani walitaka kwanza kujua wanakwenda mkutano gani.

Falone alikuwa ameshapiga magoti. Kwenye blanketi kulikuwa na kadi, na mwandiko wa muuguzi wake aliujua: saa moja na dakika kumi, moyo wa mtoto unasikika vizuri. Aliomba jenereta izimwe. Ukuta ukawa mweusi. Aliweka kile kikombe cha mti cha kusikilizia moyo wa mtoto juu ya tumbo, akainamisha sikio, akakihamisha, akakihamisha tena. Madaktari kumi na wawili walinyamaza kwa pamoja, jambo ambalo ratiba nzima ya siku haikuwa imeliweza. Falone hakusikia kitu. Nyirabagenzi alikuwa akimtazama usoni, na alielewa kabla hajaambiwa.

Ilibaki kumwokoa mama, maana tumbo la uzazi lilikuwa karibu kupasuka. Jenereta ikarudi chumba cha upasuaji, imebebwa na madaktari sita, kila mmoja akimwelekeza mwenzake pa kushika. Prince alimlaza mama usingizi, Falone akapasua, na mlangoni wengine wakasimama wakitoa maoni. Mkono wake haukumwangusha. Mama akapona. Mtoto alikuwa wa kiume, mzito, hana kasoro yoyote, na alifunikwa kwa kitambaa cha meza ya mkutano kwa kuwa ndicho kilichokuwa safi. Falone alilia wakati wa kunawa, kwa sauti, na Prince akasimama karibu yake asijue la kumwonyesha.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningemsamehe. Lakini mkutano ni mkutano, sharti utoe maazimio.

Ijumaa asubuhi walikaa kuyaandika. Profesa alikuwa amechangamka. Alisema tukio la jana limekipa kijiji sauti, na kwamba lazima liingie kwenye ripoti kama mfano hai. Akaamuru iandikwe: mgonjwa alifika kwa daktari akiwa amechelewa, kwa sababu familia za vijijini huchelewa kuamua. Prince alikohoa. Mwingine akatazama dari. Kadi ya Nyirabagenzi ilikuwa mfukoni mwa koti la Falone, na vidole vyake vilikuwa juu yake. Alijua yaliyoandikwa, na alijua saa. Kutoka kitandani kwake mpaka mlango ule uliobandikwa karatasi hazizidi hatua thelathini. Angalikuwepo, mtoto angalikuwa amelia kabla ya saa mbili.

Alijiambia angesema baadaye, pakitulia. Mwanadamu akitaka kunyamaza hakosi sababu. Akaandika alivyoamriwa, akayasoma maazimio mbele ya wote kwa sauti nzuri, wa kwanza kutia sahihi ni yeye. Mchana Profesa alimkabidhi barua. Ilimsifu kwa moyo wa kijiji na kwa utulivu wa pekee mbele ya hali ngumu. Picha zikapigwa chini ya kile kitambaa kilichoishia kwenye "Upungufu", na kabla ya mvua Profesa akawa amekwisha kuondoka.

Wenzake walitawanyika Jumamosi. Falone alibaki Sake kumwangalia mgonjwa wake. Barua hakuichana, watu huchana barua kwenye hadithi tu. Aliikunja vizuri akaitia ndani ya kitabu ili isilowe.

Siku ya sita wabebaji walirudi kumchukua Nyirabagenzi. Baba wa mtoto alikuwa amekwisha kutangulia na mtoto wake tangu Ijumaa, kwa miguu, akamzike kwao. Falone alifunga mkoba wake apande nao. Akajipanga nyuma, mahali pa wanawake wanaofuata tipoyi na vyungu vya chakula. Papa Védaste akamwita mbele.

Alimweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni, kwamba chama kina sheria. Siku ya kubeba, kila nyumba hutoa mtu. Nyumba isiyotoa mtu haitozwi wala haitukanwi, ila siku ya kumrudisha mgonjwa ndiyo inayotangulia kutia bega. Wahenga wamesema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa watu wa tipoyi, asiyekuwapo lake humngoja. Falone alisema yeye ni mwanamke. Akasema pia, kwa sauti ndogo, kwamba yeye ni daktari.

"Hatukuandika mwanamuke, hatukuandika docta," Papa Védaste akasema. "Tuliandika nyumba. Kituo iko nyumba. Ile siku, nyumba yako haikutoa muntu."

Kijana mmoja alikunja fulana yake akamwekea begani ili mwanzi usimchubue. Falone akainama, akatia bega, na waliposema "haya" akasimama nao.

Alikuwa amewapokea wagonjwa wa tipoyi kwa mamia na hakuwahi kujua uzito wake. Mwanzi unakula nyama kuelekea mfupani, na huwezi kusimama ukitaka, maana wako watatu wengine. Mwenye bega fupi hubeba zaidi, na bega lake ndilo lililokuwa fupi kuliko yote. Barabara ilipanda. Juu yao Nyirabagenzi alilala amefunika uso kwa kitenge, hakusema neno tangu Sake, na kila wapandapo Falone alimsikia akipumua.

Kwenye mpando wa pili Papa Védaste, aliyekuwa kwenye mwanzi wa pili sambamba naye, alianza mazungumzo, kama wabebaji wanavyofanya ili njia ipungue. Aliuliza habari za Walikale, akauliza kama Papa Gustave angali anawinda. Kisha akauliza, bila kinyongo chochote, maana alitaka kujua kweli:

"Na ile mukutano, Docta? Siku mbili yote, muliamua nini?"

Falone angeweza kusema lolote. Pumzi ilikuwa ndogo na maazimio yalikuwa bado kichwani, kwa hiyo yakatoka jinsi alivyoyasoma.

"Tuliandika kama wamama ya vijijini wanafikaka kwa docta wamechelewa."

Juu yao kitenge kilitikisika, na Nyirabagenzi akafunua uso.

"Siye tulifika mapema," alisema. "Nilisikia wakisoma karatasi ku mulango, na mutoto alikuwa angali anacheza."

Falone alikwama katikati ya hatua. Mwanzi ulikuwa begani, mguu mmoja ulikuwa umeinuliwa, na wengine watatu walikuwa wakimngoja akanyage.