Jumamosi za Kizza na Kasha la Urani

Angella alikuwa na kibanda cha chapati pale Munuki, na mume alikuwa naye pia, ila mume wa kugawana. Ndivyo alivyoamini. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Kizza alinyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda kwenye yadi ya kampuni yao huko Gurei, na kurudi jioni ananukia kahawa ya tangawizi.

Kampuni yenyewe hupiga picha vyuma. Tangi la mafuta likisha kuchomelewa, wanakuja na kamera ya mionzi kutazama kama kiungio kina ufa. Kamera hiyo hukaa ndani ya kasha dogo lililozungushiwa urani iliyopunguzwa makali, nzito kupita madini ya risasi, ili mionzi isitoke nje. Urani ni urani hata ikiwa kidogo, na serikali inataka kujua ilipo. Kizza ndiye mtunzaji. Karani anayeandika naye ripoti ya kila mwezi anaitwa Night.

Night! Mwanamke wa shingo ndefu, aliyekulia ukimbizini Uganda, akisema "pole" unaona kama anakupaka mafuta. Angella alimwona mara moja tu, msibani, akakosa usingizi.

"Ripoti gani hiyo ya kujipulizia pafyumu?" alimwuliza mumewe.

"Mama Fred, hii ni mambo ya serikali. Tukikosea, wanatufungia."

Sasa mtu atagombana vipi na serikali?

Mwezi wa nne, Jumamosi hiyo ilipofika, Kizza alikuwa amekwisha kwenda zake wakati Lodu, dereva wa kampuni, alipokuja kibandani kula. Akasema huku anatafuna kwamba kazi siku hizi ni nyepesi. "Sisi wenye urani kidogo tumepunguziwa tangu Januari. Ukurasa mmoja, mara moja kwa mwaka. Ile ripoti ya kila mwezi, khalas, imekwisha."

Chapati iliungua mbele ya macho ya Angella. Alimwachia jirani yake kibanda, akapanda boda boda kwenda yadini, na njia nzima akapanga matusi ya Night kuanzia nywele mpaka kisigino. Hakubisha hodi.

Aliwakuta meza moja. Kizza anaandika, miwani puani. Night yuko upande wa pili, mkoba begani, amechoka kama mtu wa foleni ya hospitali.

"Leo nimewakuta!"

Night akaruka kwa furaha. "Mama Fred! Ni Mungu amekuleta. Chukua mzee wako! Ile ya ukurasa mmoja nilituma zamani, wakaikubali. Yeye bado anaandika ile ndefu, hakuna mtu anaisoma, na mimi iko na kwaya!"

Angella akatazama meza. Kurasa juu ya kurasa, mistari imepigwa kwa rula. "Baba Fred, ni kweli?"

Kizza akavua miwani. "Ukurasa mmoja hata Lodu ataandika. Zamani walikuwa wananipigia simu, 'Bwana mtunzaji, tufafanulie hapa.' Sasa simu hailii."

"Na mimi ukanificha?"

"Ningekuambia nini? Kwamba hawanihitaji?"

Matusi yote yakakosa mwenyewe. Afadhali ingekuwa Night. Mwanamke ana nywele za kuvuta. Akalichungulia kasha kupitia nondo za stoo: dogo, la manjano, linang'aa kwa kufutwafutwa. Nyumbani, huyu bwana hajawahi kufuta hata kiti anachokalia.

"Funga hayo makaratasi," akasema. "Kuanzia leo Jumamosi ni zangu. Ukiwashwa na kuandika, ukuta wa kibanda upo, andika bei ya chapati."

"Haleluya!" Night akadakia, na tayari yuko mlangoni.

Wakarudi kwa boda boda moja, Angella nyuma kabisa. Moyo ukamwuma, akauliza, "Kwani hicho kikasha kina nini?"

Kizza akamweleza: uzito wake, jinsi kinavyobebwa, jinsi kinavyopimwa kabla ya kuguswa. Alieleza kwa sauti ya chini, laini, ile aliyomtongozea Angella kule Masaka, ambayo hajaisikia tangu Fred azaliwe.

"Dereva, ongeza mwendo," Angella akasema. "Na wewe, nyamaza."