Sanduku la Watu Wawili

Kinyangiri, nilikokulia, barua haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilifika kwa sanduku la posta la usharika, ikakaa ofisini mpaka Jumapili, na baada ya ibada mwinjilisti aliifungua akaisoma kwa sauti pale uani. Waislamu wa jirani nao walikuja kusimama kwenye ukuta, kwa kuwa salamu zao zilikuwamo. Hakuna aliyeona vibaya. Mwandishi mwenyewe alijua itasomwa hivyo, kwa hiyo aliandika maneno ya hadharani: mimi mzima, hofu ni kwenu tu, je mvua imenyesha, nisalimie fulani na fulani. Jambo la moyoni lilisubiri mtu aje mwenyewe alitamke.

Mimi niliacha shule kabla ya kumaliza la saba. Sikushindwa masomo, nilishindwa kukaa. Nimeswaga ng'ombe wa watu mpaka mnadani, nimepakia magunia ya alizeti Iguguno, nimebeba mizigo stesheni ya Itigi, na kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakachoka na mimi. Ndivyo nilivyojikuta Singida mjini, miaka ile ya soko huria ambapo kila mwenye chochote alifungua duka, nikifagia kwenye kafe ya intaneti ya mama mmoja wa Kinyaturu. Mama huyo alikuwa mfanyabiashara wa kuku. Alipeleka kuku wa kienyeji Dar es Salaam kwa lori, na safari moja lori likarudi na kompyuta za mtumba.

"Kuku wanakufa njiani," aliniambia. "Hizi hazifi."

Zilikufa sana. Nikaanza kuzifungua nione kuna nini ndani, nikajifunza kuzifufua, na kabla msimu haujaisha alininyang'anya ufagio akanipa kiti.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho siku walipoingia wazee wawili wa kwetu, wameongozwa na mwalimu mstaafu aliyewahi kunifundisha. Niliwaamkia.

"Marahaba," mwalimu akajibu. "Kumbe uko hai! Kule wanasema uligongwa na treni."

"Treni ilinikosa, mwalimu."

"Kama shule ilivyokukosa. Sasa sikiliza. Tunataka sanduku."

"Sanduku la nini?"

"Hilo la kwenye umeme. La kijiji. Binti yetu aliye Botswana anasema barua za posta zinachelewa, tufungue imeili."

Sikuuliza binti gani. Kinyangiri ilikuwa na muuguzi mmoja tu aliyekwenda kufanya kazi Botswana, na mimi nilikuwa nimechunga naye mbuzi miaka yote ya utoto wetu. Kwao na kwetu kulitenganishwa na shamba la mtama. Yeye aliendelea na shule, na jioni alinisimulia yote aliyofundishwa, kwa kuwa nilimsumbua kwa maswali. Akaenda sekondari, akaenda chuo cha uuguzi, akavuka mpaka. Kila hatua nilisikia habari zake pale uani, pamoja na watu wote.

Nilifungua sanduku. Kompyuta ikataka neno la siri.

"Siri ya nani?" mzee mmoja akauliza.

"Ya sanduku, babu. Ili asiingie mwingine."

"Mwingine nani? Hili si la wote?"

Walibishana kwa sauti huku wateja wengine wakisikiliza, na mwisho wakakubaliana neno la siri liwe jina la kijiji, ili hata mtoto akitumwa mjini asisahau. Wakati wanabishana, kwenye kioo likachomoza tangazo la mwanamke aliyevaa nguo kidogo sana.

"Na huyu anamtafuta nani?" mzee akaniuliza.

"Anamtafuta kila mtu, babu."

"Basi ana kazi," akasema, akageuza uso kwa adabu.

Tangu hapo kazi ya sanduku ilikuwa yangu. Barua ya binti ikija niliichapa kwenye karatasi, nikaituma na kondakta wa basi la Mkalama, na Jumapili ikasomwa uani kama zamani. Zilikuwa barua zilezile. Mimi mzima. Hospitali ni kubwa. Hapa nako ni kukavu kama nyumbani. Nilizisoma kabla ya wote, mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji, nikitafuta sauti yake humo. Sikuipata. Yule niliyemjua alicheka mpaka akakaa chini, akaulizwa kinachomchekesha akashindwa kusema. Kwenye karatasi hakucheka hata mara moja.

Kisha likaja jambo lenyewe. Mfanyabiashara wa alizeti wa Iguguno, aliyefiwa na mkewe, mwenye mashine ya kukamua mafuta, alipeleka watu kwa baba wa binti kumposa. Wazee walifurahi. Mwalimu akaja mjini kunisomea maneno ya kuandika: mume amepatikana, ng'ombe wamesemwa, leta jibu. Niliandika kwa vidole vyangu mwenyewe kila neno. Jibu lake lingesomwa uani, mbele ya baba, mbele ya watu wa mposaji, mbele ya wanawake waliombeba mgongoni. Mtu atakataa vipi hapo? Nilitamani kujua kitu kimoja tu, ambacho hakuna aliyeandika kumuuliza: yeye mwenyewe anataka nini. Sitajifanya kwamba nilitamani kwa ajili yake peke yake.

Jibu lilikawia. Nikawa, kafe ikiwa tupu, naiuliza kompyuta. Nauli ya Singida mpaka Botswana. Wauguzi wa kigeni wanaishi wapi. Mtu asiye na cheti anaweza kupata kazi gani kule. Niliuliza kwa Kiswahili, nikauliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, na nilipomaliza nilifunga ukurasa nikidhani nimeufunga.

Mwalimu alipokuja tena kuulizia jibu, alitaka kujaribu mwenyewe. Nilimpisha kiti. Akabofya mara mbili pale pa kuandikia, anatafuta sijui nini, na maswali yangu yote yakateremka chini ya kidole chake kama mbuzi wanaotoka zizini. Pembeni, matangazo yakashuhudia: nauli za ndege, pete za uchumba, kazi za nje.

Alisoma taratibu, miwani puani. "Mtu asiye na cheti," akasema. Kisha akacheka. "Ala! Mchunga mbuzi! Kumbe treni haikukukosa!"

"Mwalimu, tafadhali."

"Tafadhali nini? Kuna ubaya gani? Tutamwambia."

Na kweli wakamwambia. Mwalimu hakuwa na roho mbaya; kwao hiyo ilikuwa habari ya kuchangamsha barua. Katika maneno yaliyofuata, baada ya mvua na bei ya alizeti, alinilazimisha niandike kwamba yule wako wa mbuzi anakutafuta kwenye mitambo mchana kutwa, kijiji kizima kinacheka. Nilijaribu kuruka mstari ule. "Umeruka," akasema, akagonga kioo kwa kucha.

Baada ya hapo binti akanyamaza kabisa.

Nilianza kuichunguza ile mashine kwa hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo shuleni. Kwa kamusi iliyochanika jalada nilisoma maelezo ya Kiingereza, nikaona kwamba kila ukurasa tunaoufungua unaweza kuacha alama ndani ya kompyuta, na tukipita penginepo alama ile inasomwa. Hilo nililielewa haraka kwa sababu ni kama ndama aliyekatwa sikio: hata akiuzwa mnada wa mbali, wenye macho wanajua katoka zizi gani. Ndiyo maana pete zilinifuata. Nikajifunza kufuta alama hizo, kufuta orodha ya nilikopita, kuizuia kompyuta isikumbuke yaliyoandikwa. Nikapata kivinjari kingine na programu ndogo ya kuzuia matangazo, nikaviweka kwenye mashine zote. Kurasa zikawa nyeupe, zinafunguka upesi. Wateja walishangaa. Mama mwenye kafe alikuja akachungulia.

"Yule mwanamke yuko wapi?"

"Nimemzuia asiingie, mama."

"Heri. Alikuwa anawakimbiza walokole," akasema, akarudi kwenye kuku wake.

Kisha nikafungua sanduku jingine, la watu wawili. Shida ilikuwa kumpa ufunguo. Njia pekee ya kumfikia ilikuwa sanduku la kijiji, na lile mwalimu alishazoea kulifungua mwenyewe kila akija mjini. Nilihitaji neno tunalolijua sisi wawili tu. Nilikaa nalo siku nyingi. Jaribu wewe uliyekulia kijijini kutafuta kitu mnachokijua watu wawili tu. Mti tuliopanda, wote walitukuta juu yake. Nyimbo, wote waliimba. Alipoanguka kwenye jabali akachanika goti, mama zetu wote wawili walimwosha. Niliona kama maisha yetu yote tuliishi pale uani, yanasomwa.

Likabaki moja. Kwetu mbuzi hapewi jina. Atachinjwa, na baba wa binti alikuwa mkali kwa hilo. Lakini kulikuwa na mwanambuzi aliyefiwa na mama, tukamnywesha uji kwa siri, na yeye akampa jina, akaninong'oneza sikioni ingawa porini hakukuwa na mtu mwingine. Jina hilo sitaliandika hapa pia.

Nikaandika kwenye sanduku la kijiji, wazi, kila mtu asome: kuna sanduku jingine, anuani yake hii, neno la siri ni jina la yule mbuzi.

Mwalimu aliliona. "Mbuzi gani ana jina?" akaniuliza.

"Yupo tu, mwalimu."

"Mapenzi yamekupanda kichwani." Baadaye alikiri kwamba alijaribu. Alijaribu rangi zote za mbuzi kwa Kinyiramba, akajaribu na jina langu, na la Shetani.

Katika sanduku lile niliacha swali moja tu. Unataka nini wewe? Sikuongeza salamu. Kila asubuhi, kabla ya kufungulia wateja, nililifungua nikaliona lile swali langu limekaa peke yake. Mvua zikaja. Watu wa mposaji wakaja tena kwa baba yake, wakala jogoo, wakaambiwa wasubiri.

Asubuhi moja kulikuwa na maandishi chini ya yangu, na yalianza kwa kicheko. Aliandika kwamba amecheka mbele ya wagonjwa akilikumbuka lile jina. Alikuwa yeye. Nilisikia sauti yake wazi kabisa, jinsi anavyokatisha neno, nikasahau kusoma mbele, nikarudia kicheko kile tu.

Kisha nikasoma mbele. Alisema tangu aondoke hakuna mtu mwingine aliyemuuliza swali hilo. Alisema kule ana nyumba na ana mtu, fundi wa mashine za hospitali, mtu wa palepale, mpole, na hatarudi kuishi nyumbani. Yule wa Iguguno hamtaki. Hawezi kuyasema hayo kwenye sanduku la kijiji bila kumwaibisha baba yake, kwa hiyo kule ataandika kwamba mkataba wa kazi umeongezwa na mposaji asingojeshwe, aoe mwingine. Mama yake aambiwe ukweli, lakini kwa mdomo, na awe peke yake. Alisema anakumbuka yote ya zizini, na kwamba mimi ndiye mtu ambaye habari hii ingemuumiza zaidi, kwa hiyo ameniambia wa kwanza. Halafu akaomba nifute.

Hili nililijua vizuri kuliko mtu yeyote Singida nzima. Nilifuta maandishi, nikafuta yaliyokuwa kwenye taka, nikafunga sanduku lenyewe, nikafuta alama zake kwenye mashine. Sikuchapa. Mara nyingi tangu siku ile nimetamani ningekuwa fundi mbovu kidogo, mahali fulani mstari mmoja ukabaki, ule wa kicheko.

Barua ya hadharani ilikuja wiki hiyohiyo, mkataba na yote, ikasomwa uani. Mfanyabiashara alisikitika kwa heshima, akaoa Kiomboi.

Kumpata mama yake peke yake haikuwa rahisi, kwa kuwa mama wa kwetu hakai peke yake. Niliomba ruhusa kwa mama wa kuku, nikaenda Kinyangiri wakati wa kuvuna alizeti, nikashinda nyumbani nikingoja, mpaka nilipomwona anaelekea shambani bila wajukuu. Nilimfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisaidia au kuniambia?"

Nikamwambia. Aliendelea kupiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mbegu zinarukaruka kwenye turubai.

"Huyo mtu wake, anampiga?"

"Hapana mama. Anasema ni mpole."

"Anakula?"

"Hakusema."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza anataka nini."

Akasimamisha fimbo. "Ulikuwa unaniulizia mimi, au unajiulizia?"

"Nilikuwa najiulizia, mama."

Alikusanya kona za turubai, akazivuta mpaka mbegu zikawa rundo moja, akatikisa gunia kutoa vumbi.

"Shika hapa," akasema.

Nikashika mdomo wa gunia, yeye akamimina.