Msomaji Niliyemficha Jikoni

Mimi ni mwepesi wa hasira na nina mdomo. Naanza na hilo kwa sababu wanaonisikia nikisimulia habari hii hudhani nilikuwa msichana mpole aliyeponzwa na woga. Upole nimeutoa wapi? Muhula niliotumwa Kibera kufanya mazoezi ya kufundisha, niliwasema walimu wote wa shule ile kimoyomoyo. Huyu anachelewa, yule anafundisha akiwa ameketi, yule mwingine anawatisha watoto. Mimi ndiye niliyejua kazi. Kila asubuhi nilitoka Kawangware kwa miguu, andalio langu la somo nimelifunga kwenye nailoni lisiloane, na nilijiona mwalimu kamili hata kabla chuo hakijaniambia hivyo.

Shule yenyewe ilikuwa Soweto East, humo humo Kibera, mabati juu, mabati kando, na kati ya darasa na darasa bati moja tu. Nilipewa Gredi ya Nne, somo la Kiswahili. Nyuma ya darasa langu kulikuwa na jikoni, na kufikia saa nne harufu ya maharagwe ilikuwa imeshaingia vichwani mwa watoto wote, na changu pia.

Dawati la mwisho lilikuwa la msichana aliyenizidi kimo. Alikuwa na miaka kumi na minne, na wenzake walikuwa na tisa au kumi. Miaka mitatu alikuwa nyumbani Soweto West akilea wadogo zake huku mama yake akifua nguo za watu kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise. Aliporudi shuleni aliweza kuandika jina lake na basi. Watoto walimwita shosho, yaani bibi kizee, naye aliwacheka tu, akawafunga kamba za viatu.

Mama yake alinijia wiki ya kwanza, mikono bado ina harufu ya sabuni. Hakuzunguka. "Madam, huyu nimempea hii term moja. Akijua kusoma, ataendelea. Asipojua, dadangu ako na saluni huko Kawangware, anataka msichana wa kuosha watu nywele. Si ati simpendi. Lakini siwezi kumweka hapa akae tu na watoto wadogo."

Nikamwambia, "Mama, wacha hiyo saluni. Huyu atasoma." Nililisema kwa ukali, kana kwamba nimetukanwa.

Na nilifanya kazi, hilo sitajinyima. Kila saa ya chakula tulikaa naye kwenye dawati lile la mwisho, mimi nimeshika kipande cha katoni. Neno refu lilimtia hofu, kwa hiyo nililifunika lote, nikalifunua silabi moja baada ya nyingine, asome alichokiona tu. Mwanzoni alitokwa na jasho. Baadaye akaanza kuninyang'anya katoni. Mwishowe akawa anayatafuta maneno marefu mwenyewe, kwenye pakiti za unga, kwenye mabango ya kanisa, kwenye gazeti lililofungiwa mandazi, ananiletea asubuhi kabla hata hajanisalimia. "Madam, sikia hii." Siku aliyosoma ukurasa mzima bila katoni nilipiga kigelegele, mpishi akachungulia kuona kama kuna harusi.

Siku hiyohiyo aliniomba kitu kimoja. "Huyo mtu wa chuo akikuja kukuangalia, mimi ndio nisome. Nataka kumwambia mathe wangu nilisomea mtu wa chuo."

"Utasoma wewe," nikasema, darasa zima likisikia.

Habari kwamba mkaguzi angefika Jumatano ilinipata Jumanne jioni. Mkaguzi ni mhadhiri anayetumwa na chuo, anaketi nyuma ya darasa na faili, na alama anazoandika ndizo zinazoamua kama utakuwa mwalimu au utarudia mwaka. Mwalimu wa darasa, mama mmoja wa kutoka Magharibi, mtu wa miaka mingi katika kazi ile, alinivuta kando.

"Usiwe na wasi. Wale watatu wako ambao hawasomi kabisa, watoe. Wapeleke kwa mpishi wachambue maharagwe. Sisi wote tulifanya hivyo. Na hawa watakaobaki, waambie wote wainue mkono ukiuliza swali. Anayejua, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Wewe uchague wa kulia."

Mimi mwenye mdomo, mimi niliyewasema wote, nikajibu, "Asante, Madam." Tena nikayaandika kwenye daftari nisisahau.

Asubuhi niliwaita wale watatu. Kisha nikamwita na yule msichana wa dawati la mwisho. Mtu asije akamlaumu yule mwalimu wa darasa. Aliniambia watatu, wa nne nilimwongeza mwenyewe. Nilijiambia anasoma polepole na dakika ni thelathini na tano tu. Huo ni uongo niliojitungia. Ukweli ni kwamba nilimwona mkaguzi kichwani mwangu akimtazama msichana mkubwa vile, akiuliza anafanya nini Gredi ya Nne, na mimi nikianza kujieleza. Nilimwonea haya. Mtoto niliyempigia kigelegele, nilimwonea haya.

"Nendeni mkamsaidie mpishi," nikasema.

Akabaki amesimama. Alikuwa amepiga pasi sketi, nywele amezisuka upya. "Na kusoma, Madam?"

"Utasoma kesho."

"Kesho huyo mtu atakuwa?"

"Nimesema nenda!" Nikapandisha sauti. Hasira yangu kila mara huja haraka nikiwa na makosa. Akaenda.

Mkaguzi akafika, mzee mnyamavu, akaketi kwenye dawati lile la mwisho kwa sababu sasa lilikuwa tupu. Somo likaanza vizuri. Mikono yote juu, kulia na kushoto, nami nachagua. Kifungu kilikuwa cha usafi wa mazingira, nikampa kijana aliyeongoza darasa. Akasoma mbio mbio, kisha akagonga mwamba. "Mazingira yana... yanayo... yanayotu..." Akarudia. Akakwama. Nikasikia mpaka maharagwe yakianguka kwenye sufuria upande wa pili.

Halafu sauti ikapita kwenye bati, taratibu, silabi kwa silabi, kisha kwa mkupuo mmoja: "Yanayotuzunguka."

Mkaguzi akainua kichwa. "Nani huyo?"

Hapo ndipo ningeweza kusema, ni mwanafunzi wangu, mwanzo wa muhula hakujua kusoma hata neno kalamu, ngoja nimwite. Mungu wangu, ilikuwa rahisi hivyo. Hata alama ningepata zaidi. Lakini ningemwita, angeniuliza mbona yuko jikoni. Nikatabasamu.

"Ni wa jikoni tu, sir. Si mwanafunzi wangu."

Watoto karibu arobaini walijua nimesema uongo. Hakuna aliyenisaliti. Walinitazama tu, na yule kijana aliyeongoza darasa akainamisha kichwa kitabuni. Bati ni bati. Lile neno lilipita kuja kwetu, na langu likapita kwenda kwake.

Mkaguzi akaandika, akanipa mkono, akasema nina darasa changamfu na kwamba nimepita. Jioni Kawangware dada yangu ninayekaa naye alikaanga kuku kunipongeza. Nilikula nusu kipande nikasema nimechoka.

Alhamisi dawati lilikuwa tupu. Ijumaa pia. Nawaambia nilivyokuwa mtu mbaya: Alhamisi nilishukuru, kwa sababu sikutaka kumtazama machoni. Ijumaa aibu ikanizidi, nikaenda kwao baada ya shule. Mama yake alikuwa bado kazini. Msichana alikuwa mlangoni, anamenya viazi.

"Sasa, Madam," akanisalimia, kwa heshima, bila kuinuka.

"Sasa. Mbona huji shule?"

"Kwa darasa gani?"

"Kwa lako. Langu."

"Ulisema mimi si wako."

"Niliogopa," nikasema. "Nisamehe. Nilifanya vibaya sana."

Alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu. "Nitarudi Monday. Nataka kusoma. Lakini nitakaa Gredi ya Tatu, kwa yule madam mwingine."

"Kule ni watoto wa miaka minane! Wewe unasoma, Gredi ya Tatu utafanya nini?"

"Nitakaa tu."

Jumatatu alikuja na mama yake, maana mtoto hahamishwi darasa bila mzazi. Mwalimu mkuu akanisukumia fomu. Mstari wa mwisho ulisema Sababu. Nilishika kalamu pale mbele ya watu watatu. Mama hakujua lolote. Binti yake alikuwa amemwambia tu kwamba anataka kubadilisha darasa. Mwalimu mkuu naye alikuwa bado hajatuma chuoni ripoti yake juu yangu. Nikaandika: Udhaifu katika kusoma. Mara ya pili nikamkana, safari hii kwa wino.

Mama akaichukua fomu aweke kidole, akasita. "Mimi na karatasi hatuelewani. Hebu nisomee," akampa binti yake.

Nilitaka kuinyakua, mkono ukakataa kwenda. Akaisoma amesimama, sauti haitetemeki, maneno marefu na mafupi. "Mwanafunzi aliyetajwa hapo juu anahamishwa kutoka Gredi ya Nne hadi Gredi ya Tatu. Sababu: udhaifu katika kusoma."

"Woi!" Mama akajishika kifua, uso wote umefunguka. "Ameisoma yote! Mwalimu, umemsikia? Basi dadangu atafute msichana mwingine wa saluni, huyu haendi." Kisha uso ukajikunja polepole. "Lakini ngoja. Hiyo karatasi inasema hajui kusoma?"

Akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Na si ni yeye ameisoma?"

"Muulize madam," msichana akasema.

Nikasema. Nilisema yote, maharagwe, mikono ya kushoto, yule mzee, na neno kwa neno nililomjibu, mwalimu mkuu ameketi pale na kalamu yake. Sikulia, kwa sababu kulia kungekuwa kuomba nihurumiwe. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anitukane, ningefurahi angenitukana.

"Na wewe," akaniuliza, "ulipita?"

"Nilipita, Mama."

Akatikisa kichwa. Msichana akaiweka fomu mezani mbele yangu, akanionyesha kwa kidole ule mstari wa mwisho, akangoja. Niliukata nikaandika, Kwa ombi lake mwenyewe. Akausoma kwanza, kimya, midomo ikicheza. Kisha akaubeba mkoba wake akaenda Gredi ya Tatu.