Nyama ya Idd Kwenye Friza ya Udongo

Kazi yangu kwenye maabara moja ya Midrand, Afrika Kusini, ni kuosha vyombo vya kioo na kuangalia mafriza. Ndugu zangu wa Tanga nikiwaambia nalinda udongo wananicheka, na siwalaumu.

Udongo wenyewe ulitoka kaskazini kabisa ya dunia, ambako ardhi ya chini imeganda mwaka mzima. Aliuleta binti wa Bukavu anayesomea uzamivu. Tukinywa chai alinieleza kwamba mle mna kaboni ya zamani sana, na vijidudu vilivyolala nayo. Ukiyeyuka vinaamka, vinakula, na hewa ya ukaa inapanda angani. Alitaka kujua kama mahali penye mimea ya aina nyingi vijidudu huwa tofauti na mahali penye nyasi ya aina moja. Trei ya juu ilikuwa ya mimea mingi, ya chini ya nyasi moja. Safari ya kuufuata udongo huo haitarudiwa, na shahada yake yote imo kwenye trei hizo mbili.

Idd ya kuchinja ilipofika, umeme wa mtaani kwetu Mayfair ulikatika siku tatu. Nilikuwa nimeshika mafungu ya majirani ambao hawajaja kuchukua, na nyama ya watu kukuozea mkononi ni aibu kubwa. Ijumaa nikaibeba kazini, nikaisukumiza juu ya trei ya juu. Sheria naijua. Karatasi ya kukataza chakula mle nimeibandika mimi mwenyewe.

Mfuko mmoja ukazuia mlango usifunge vizuri. Kengele nilikuwa nimeizima wiki ile, kwa sababu ilinitia wazimu kila umeme ukirukaruka.

Jumatatu nilikuta maji sakafuni. Trei ya juu ilikuwa laini kabisa, ya chini bado ngumu. Nyama imeanza kunuka, nikaitupa, nikapiga deki, nikafunga mlango. Ilipofika saa kumi jioni udongo ulikuwa umeganda tena kama vile hakuna kilichotokea. Nikajiambia ni udongo tu. Mwongo mkubwa mimi.

Wiki tatu baadaye binti alikuja mbio akanikumbatia na glavu zake mkononi. Vijidudu vya trei ya juu vilikuwa vimechangamka kupita alivyotarajia, na kaboni imepungua. Alisema ni mimea ile mingi iliyofanya hivyo. Profesa wake ameshaandikiwa, na mama yake huko Bukavu ameshatoa shukrani kanisani. Nilijua si mimea, ni mlango ule. Nikampa hongera.

Siku nne nilimkwepa saa ya chai. Ya tano nilimfuata mezani kwake nikamweleza yote, nyama, mfuko, kengele, maji. Nilitegemea atanifokea, na ningefurahi angenifokea. Aliuliza tu kama trei ya chini iliyeyuka. Nikasema hapana, ya juu peke yake. Akaiangalia grafu yake.

“Tantine,” akasema, ndivyo kwao wanavyomwita shangazi, “kama matokeo yangekuwa mabaya, nikakuja hapa nalia, ungeniambia?”

Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwambia sijui.

Akageukia kompyuta, akaanza kufuta namba za trei ya juu, mstari mmoja baada ya mwingine, na hakuniambia niondoke wala nikae.