Rangi Imeshika Kwenye Kingamwili

Wasee, leo Mama amemfunza daktari kazi, na hajawahi kukanyaga maabara!

Siku nyingi tumekuwa tukizitia kingamwili, hao askari wa damu, rangi ya kung'aa, ili zikikamata kijidudu tukione. Rangi imekataa kushika. Bosi, ndiye huyo daktari, akasema tuzitupe.

Nikamkumbuka Mama, anayetia rangi suruali zilizopauka pale Gikomba, soko la mitumba. Lazima azisuuze kwanza, maana sabuni iliyobaki hula rangi.

"Daktari, tuzisuuze kwanza kuondoa ile dawa zilizohifadhiwa nayo."

Akacheka, lakini akaniachia.

Leo tumechungulia kwenye hadubini, kijidudu kinawaka! Bosi akavua miwani.

"Hii ulisomea wapi?"

"Gikomba."

Nimempitia Mama kumweleza. Ameuliza tu, "Na mkazianika kivulini?"

Jamani, kingamwili zenye rangi huwekwa gizani, mwanga huzififisha.

Nani alimwambia?