Nilivyoikataa password yangu mwenyewe: driver ya graphics kwenye Linux na video ya bibi wa Butembo

Sifa kwa Mungu aliyetuamsha leo, aliyewapa watu akili ya kutengeneza mashine, na sisi wengine akatupa subira ya kuzizoea.

Wakuu, nawasalimu kutoka Bwera, wilaya ya Kasese, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Ni siku nyingi nasoma humu jukwaani bila kusema neno. Leo nimeona si haki kuota moto wa wenzangu kila siku bila kuleta hata ukuni mmoja.

Ninayosimulia ni kweli tupu. Kiswahili chetu cha huku mtakivumilia.

Mimi ni katekista, na umri umesogea. Binti yangu alininunulia laptop ya mtumba ili niache kuandika mafundisho ya wakatekumeni kwa mkono. Ilikuwa nzito kama punda mgonjwa. Fundi mmoja wa Kasese mjini, anaitwa Thembo, akafuta kila kitu na kuweka Linux. Distro, yaani aina ya Linux, sitaitaja, maana nimeona humu jina la distro linavyovunja udugu.

Mashine ikawa nyepesi. Nikamshukuru Mungu na Thembo, kwa mpangilio huo.

Sasa jambo lenyewe.

Hapa kigangoni tuna mama mmoja, Kavira, aliyekimbia vita upande wa Beni. Anauza vitunguu sokoni. Mama yake mzazi alibaki Butembo, akafa huko, na watoto hawakuweza kwenda kuzika kwa sababu ya hali ya njia. Lakini kabla hajafa, bibi yule alimwomba jirani amrekodi kwa simu. Video ikafika kwa Kavira ndani ya flash.

Kavira hakuifungua.

Akanijia na ile flash ameifunga kwenye kitambaa. "Baba Katekista, haya ni maneno ya mwisho ya mama. Hapana mutu mumoja atasikia peke yake. Tutasikia siye bote, tukiwa tumeikala pamoja."

Hiyo ndiyo desturi yao, na ni yetu pia sisi Wakonzo. Maneno ya mzazi anayeaga husikiwa na watoto wote wakiwa wameketi. Ndugu zake wametawanyika: wengine Kisinga, mmoja Mahango, na kaka yao mkubwa, Kambale, anabeba mizigo ya wapanda mlima kule Nyakalengija. Wote wangekuja Jumamosi kwa Misa ya ukumbusho, na kigango kina projector.

Nikamwambia, "Niachie mimi." Maneno mepesi sana hayo, wakuu.

Niliunganisha projector kwa waya wa HDMI na kujaribu video ya kwaya yetu. Picha ilikuja, lakini ikitetemeka kama mwenye homa. Sauti ilitangulia, midomo ikafuata nyuma. Mara skrini yote ikaganda mpaka nikazima kwa nguvu.

Na kumbukeni, video yenyewe ya bibi sikuruhusiwa kuifungua hata kwa majaribio. Ilipaswa kwenda sawa mara ya kwanza.

Mtaniuliza kwa nini sikuazima mashine nyingine. Niliuliza. Ya parokia ilikuwa kwa fundi, na ya mwalimu jirani haina tundu la HDMI.

Basi nikaanza kuchimba. Hapo nakiri nilisahau hata chai, maana nilikuta mambo ya ajabu. Kumbe laptop yangu ina kadi mbili za graphics! Moja ndogo imo ndani ya processor, inaendesha skrini ya laptop. Nyingine yenye nguvu imekaa pembeni, na tundu la HDMI limeunganishwa na hiyo ya pembeni. Miezi yote ile nilikuwa na mgeni ndani ya nyumba bila kujua jina lake.

Kadi ile ilikuwa inatumia driver, yaani programu ya kuiendesha, ile ya bure inayokuja na Linux. Kwa wengine inafanya kazi vizuri, kwa kadi yangu haikuweza. Nikafungua Driver Manager, nikachagua ile iliyoandikwa recommended, nikawasha hotspot ya simu na kungoja.

Katikati ya kazi ikaniambia nitunge password kwa ajili ya kitu kinachoitwa Secure Boot. Nikatunga. Nikafanya restart.

Ikaja skrini ya bluu ambayo sijawahi kuiona. Imeandikwa "Perform MOK management". Nikabonyeza chini kidogo kutazama, nikaona mbele itaniomba password.

Hapa ndipo nilipokosea, na nadhani mtu wa mpakani tu ndiye angekosea hivi. Matapeli wa simu wamewaliza watu wengi kwetu. Kila Jumapili baada ya Misa mimi ndiye ninayesoma matangazo, na moja nimelisoma mpaka nalijua kwa moyo: kitu ambacho hukukiita kikikuomba namba ya siri, usijibu. Nimewafundisha wajane na vijana wa boda. Ningejibu vipi mimi mwenyewe?

Nikachagua "Continue boot". Nikajisifu moyoni kwamba nimemkwepa mwizi.

Laptop ikawaka. Nikachomeka projector. Giza.

Kwenye Display settings ikaonekana skrini moja tu. Driver ya zamani ilikwisha kufungiwa nje, na mpya haikuruhusiwa kuingia. Kadi ikabaki yatima.

Nikaondoa driver, nikaweka tena. Skrini ya bluu ikarudi, ikihesabu sekunde. Safari hii sikugusa kitu kabisa. Nilikunja mikono nikasali Salamu Maria mpaka ikapita yenyewe. Giza tena.

Kavira akapita kutoka sokoni, akasimama mlangoni. "Baba, machini inakatala?"

"Haijakataa, mama. Inafikiri."

"Na weye pia iko nafikiri. Basi muko wawili." Akacheka, lakini macho yake yalienda kwenye ukuta mweupe nilioelekezea projector.

Nikampigia Thembo. Kwanza akaniambia nizime Secure Boot kwenye BIOS, mipangilio ya ndani kabisa ya mashine. Haikuwezekana: BIOS ina password ya mtu aliyeitumia laptop hii kabla yangu, na hatumjui. Ndipo nikamweleza habari ya skrini ya bluu na jinsi nilivyoikataa mara zote mbili.

Akaniuliza, "Mzee, hiyo password nani aliitunga?"

"Mimi."

"Basi mwizi ni weye!" Alicheka mpaka nikasikia wateja wake wanauliza kuna nini. "Mzee umejifungia nje ya nyumba yako, halafu unajisifu kwa kutojifungulia!"

Nilicheka pia, nifanyeje?

Akanieleza taratibu, nami nikaelewa kwa njia yangu ya katekista. Mtu haletwi kwa askofu apate Kipaimara bila msimamizi wa kusema "huyu namjua". Secure Boot ni hivyohivyo: driver ambayo haina wa kuishuhudia, haipiti. Ile skrini ya bluu inamwita msimamizi, na msimamizi ni wewe mwenye mashine. Password inathibitisha tu kwamba ni wewe uliyeomba, si mwingine. Ukipita bila kujibu, ombi linafutika.

Nikafungua terminal, dirisha la kuandikia amri, nikaandika alivyonitumia:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Kwa wageni wenzangu: ukiandika password kwenye terminal hakionekani kitu, hata nukta. Keyboard haijafa. Andika tu, ubonyeze Enter.

Nikatunga password mpya. Restart. Skrini ya bluu. Safari hii nikabonyeza: Enroll MOK (kuandikisha ufunguo wa mwenye mashine), Continue, Yes, password, Reboot.

Projector ikawaka. Kwaya yetu ikaimba ukutani, midomo na sauti pamoja.

Jumamosi baada ya Misa tulifunika madirisha kwa vitenge. Watoto wa bibi walikaa mbele, wajukuu miguuni pao. Kavira akafungua kitambaa, akanipa flash.

Nikabonyeza.

Akatokea bibi kizee amekaa kwenye kiti, nyuma yake ukuta wa udongo. Hasemi. Hatikisiki. Nikajua picha imeganda tena. Mkono wangu ulishaelekea kwenye keyboard.

Ndipo akainua uso taratibu, akatutazama.

"Mumeikala bote?"

Kambale, mtu mzima anayebeba mizigo kwenye barafu ya mlimani, akajibu kwa sauti ya mtoto: "Tumeikala, Mama."

Bibi akatikisa kichwa. "Basi. Musikie."

Aliyoyasema ni mali ya watoto wake, sitayaandika hapa.

Fundisho nililopata, wakuu: tahadhari ni njema, lakini ujue nani anauliza na kwa nini. Nami sasa natunga password hizi nikiandika pembeni ni za nini.

Bado nina maswali. Nikicheza video, kuna mstari mwembamba unaokatiza picha kwa juu, kwenye projector tu. Nimesoma kuhusu tearing, yaani picha kuchanika, lakini sijaelewa inatoka kwenye kadi ipi kati ya zile mbili. Na kernel, kiini cha Linux, ikijisasisha, nitaitwa tena na ile skrini ya bluu, au ushahidi wangu wa kwanza unatosha? Wajuzi nielimisheni, na kama nimekosea mahali nirekebisheni, sitachukia.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki kazi ya mikono yako, na wale uwapendao walio mbali akujalie kuketi nao tena mahali pamoja. Amina.