Mwali Uliokataa Kuwaka Mugunga

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Mimi ni fundi wa friji, nina karakana yangu Birere hapa Goma, na kazi hii imenifundisha kutoamini kitu nisichokipima. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe. Sikuwa nimekunywa wala sikuwa naota. Tena usisubiri usiku wa manane na bundi juu ya paa, maana lilinipata alfajiri, saa ambayo watu wengine wanachemsha chai.

Kwanza nikueleze ile friji, la sivyo hutanielewa. Mama Kahindo ni muuguzi, mtu wa Butembo, sauti yake hufika mahali kabla yake mwenyewe. Huwapelekea insulini wagonjwa wa sukari wa barabara ya Sake, na husafiri ndani ya gari-nyumba, lile gari lenye kitanda na jiko, alilouziwa na wageni wawili waliochoka kuzunguka nalo. Humo kuna friji isiyohitaji umeme wa mji. Nyuma yake huwaka mwali mdogo wa gesi, na mwali huo ndio unaoleta baridi. Ndiyo, moto unaleta baridi. Nimezitengeneza nyingi za aina hiyo, na hadi leo nikiifungua moja nasema kweli binadamu amejaliwa akili.

Anayeuchunga mwali huo ni karte, kibao kidogo cha umeme kisichozidi kiganja. Karte hufungulia gesi, hupiga cheche, kisha huangalia kama moto umewaka. Umewaka, sawa. Haukuwaka, inafunga gesi na kuwasha taa nyekundu, na hapo hata umbembeleze vipi, haikusikilizi.

Siku hiyo Mama Kahindo alinipigia simu kungali giza. Taa nyekundu imewaka, insulini iko ndani, barafu hana. Na mmoja wa wagonjwa waliokuwa wakiisubiri dawa ile ni mama yangu mzazi. Kwa hiyo usiniulize kwa nini nilipanda pikipiki katika baridi ile bila hata kuonja uji.

Nilimkuta Mugunga, karibu na ziwa. Jioni iliyotangulia alikuwa amelitoa gari kando ya barabara na kuliteremsha kwenye shimo pana lenye majani, nyuma ya kiwanja alichopanga, ili wezi wasilione. Usiku ule alilala kwa jirani, lakini aliniambia usiku unaofuata angehamia mwenyewe garini, alale humo na kulinda dawa zake. Basi akaniachia kazi, akapanda juu kwenda kuomba barafu nyumba kwa nyumba.

Nikapiga magoti kwa nje, nyuma ya friji, nikafungua kidirisha kilicho ubavuni mwa gari. Cheche zinalia vizuri, gesi naisikia, mwali unashika kidogo, unakufa. Taa nyekundu. Nikapima betri, nzima. Nikakwangua kutu kwenye waya wa masi, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari, maana moshi wa volkano yetu hauachi chuma salama. Taa nyekundu. Nikaitukana karte, nikaing'oa, nikaweka nyingine niliyokuja nayo, ambayo jana yake tu ilikuwa inafanya kazi mezani kwangu. Nayo ikaniwashia taa nyekundu.

Kichwa kilianza kunigonga, miguu ikalegea. Nikasema ni njaa. Kila niliposimama kuchukua chombo kwenye mfuko niliouweka juu ya gari, nilipata nafuu, kisha nikapiga magoti tena na kichwa kikarudia. Wewe pengine umeshaelewa. Mimi fundi sikuelewa. Mwisho nikaamua kulala kifudifudi, niutazame mdomo wa moto kwa chini.

"Papa, usilale pale."

Niligeuka. Mahali palipoinama zaidi, mama mmoja alikuwa ameketi chini, miguu ameinyosha, amejifunga kitenge cha kijani, mkononi ameshika kamba ya mbuzi. Mbuzi sikumwona. Alikuwa ameketi chini sana hata kichwa chake kilifika usawa wa magoti yangu niliposimama. Nikamsalimu, akaitika polepole, kwa adabu ya watu wa milima ya Masisi. Nikamwambia anisamehe, nina haraka, karte hii imenishinda.

"Karte haiko na kosa," akasema. "Iko inakuambia kweli. Washa kiberiti, ukishushe pole pole."

Kwa nini nilimtii? Sijui. Hakuwa akiniamuru, alikuwa akinionea huruma. Nikawasha njiti. Kifuani iliwaka vizuri, kiunoni ikawaka. Nilipoifikisha magotini ikazimika kana kwamba nimeichovya majini. Nikawasha nyingine, nayo ikafia pale pale.

Mtu wa Goma akiona hivyo haulizi tena. Ni mazuku, ile hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya volkano. Haina rangi, ni nzito, na alfajiri kukiwa hakuna upepo hujaa mashimoni. Mnyama akishuka humo harudi. Tunaijua tangu utotoni, lakini tunaijua kama muuaji wa mbuzi na wa walevi wanaolala ovyo. Nani aliwahi kuitafuta ndani ya friji? Mwali ulikosa hewa. Karte zote mbili ziliona hakuna moto, zikafunga gesi, zikaniambia. Wahenga walisema mjumbe hauawi, nami mmoja nilikuwa nimeshamng'oa kwa bisibisi.

Ndipo nikamtazama tena yule mama. Kichwa chake kilikuwa chini ya pale njiti zilipozimikia. Pua, mdomo, vyote vilikuwa ndani ya ile hewa, na alikuwa akizungumza nami bila hata kukohoa.

"Panda sasa, papa," akasema. "Na ule mama wa dawa, umuambie asilale humu."

Nilipanda. Nilipofika juu nilishika jiti la uzio, nikavuta pumzi, nikageuka kumwambia naye atoke. Shimoni kulikuwa na gari tu, na majani yasiyotikisika.

Mama Kahindo alirudi na barafu, akiwa na muzee Bahati, mfugaji wa jirani aliyekuwa ametoka kwenye ng'ombe zake Masisi jana yake. Niliwaambia habari ya mazuku, ya yule mama nikaibania kwanza. Tukasubiri jua litoke na upepo wa ziwa uvume. Kiberiti kilipowaka hadi chini kabisa, majirani wakalivuta gari kwa kamba hadi juu. Nikairudisha karte ya kwanza, ile niliyoitukana. Cheche chache tu, mwali wa bluu ukakaa. Insulini ilikuwa ingali na ubaridi. Niliiomba karte radhi mbele ya watu, nao wakacheka sana, Mama Kahindo zaidi ya wote.

Baadaye nikamvuta muzee Bahati pembeni, nikamuuliza juu ya mama wa kitenge cha kijani na kamba ya mbuzi. Hakucheka. Alisema ni Mama Feza, aliyekuja na watu wa Masisi wakati hapakuwa na nyumba hata moja. Mbuzi wake alishuka shimoni, naye akamfuata. Waliwakuta wote wawili asubuhi, kamba ingali mkononi. Watu walizungushia shimo mawe kuwa alama, lakini waliokuja nyuma wakayachukua kujengea misingi.

"Yeye hakupata mutu wa kumuambia," muzee akasema. "Sasa yeye njo anaambia watu."

Nimesikia habari za wafu wengi, wanaodai, wanaolipiza, wanaonyonga watu usingizini. Huyu alikufa kwa kukosa neno moja tu, akabaki pale ili mwingine alipate. Mimi simwogopi. Namheshimu kuliko watu wengi walio hai.

Mama yangu alipata dawa yake siku ile, na bado yupo, bado ananigombeza. Lakini mimi siwezi tena kuwasha kiberiti bila kukishusha hadi magotini, hata jikoni kwangu, mke wangu akinitazama. Mawe ya lile shimo tuliyarudisha, mengine nikiyabeba mwenyewe. Kwa hiyo nisikilize. Mwali ukikukatalia, usiutukane, simama kwanza uondoke. Na ukipita Mugunga ukakuta mawe yamepangwa duara katika majani, hata kama msingi wako umebakiza jiwe moja tu kukamilika, usilichukue. Ni la Mama Feza.